Msitu wa umma na wageni wake: uzio na malango, mwongozaji, au ukanda mmoja?

Wageni huingia msituni kabla kamati haijakaa kuamua lolote. Vijana wa mjini wanajua bwawa lilipo, waendesha baiskeli wameshachonga kijia chao mteremkoni, kwaya inakuja Jumamosi kurekodi video, na njia ya waokota kuni imekuwa njia ya wote. Ndipo afisa misitu, mwenyekiti wa chama cha wanajamii na diwani wanapokutana, kila mmoja na lake: mmoja anataka pafungwe, mwingine patozwe, wa tatu paachwe kama palivyo.

Makala hii ni kwa ajili ya kikao hicho. Inalinganisha mipangilio mitatu ambayo tayari inafanya kazi Afrika Mashariki. Wa kwanza ni uzio na malango, ambapo mgeni akishalipa hutembea mwenyewe, kama Karura jijini Nairobi. Wa pili ni matembezi ya kuongozwa, kama Arabuko-Sokoke pwani ya Kenya na Amani kule Muheza. Wa tatu ni kuwaweka wageni kwenye ukanda mmoja mdogo na kuiacha sehemu kubwa itulie, kama Jozani, Unguja. Kila mpango una mahali pake. Ule uliofaulu Nairobi unaweza kuumaliza msitu wa mlimani ndani ya masika mawili.

Vigezo vya kupimia

*Udongo na njia.* Hapa ndipo makosa mengi huanzia, kwa hiyo tukae kidogo. Uharibifu wa kukanyaga haupandi sambamba na idadi ya watu. Miguu michache ya mwanzo ndiyo inayoua miche na kushindilia udongo. Baada ya hapo kila mtu anayeongezeka kwenye njia ile ile huongeza kidogo tu. Maana yake ni kwamba watu 100 kwenye njia moja iliyojengwa vizuri hudhuru kidogo kuliko watu 100 waliotawanywa kwenye vijia kumi. Kamati nyingi hufanya kinyume: zikiona njia kuu imechoka, zinafungua ya pili na ya tatu ili "kuipumzisha", na baada ya miaka miwili zina njia tatu zilizochoka. Kutawanya watu kunafaa tu pale ambapo wageni ni wachache mno, wawili watatu kwa wiki.

Njia nzuri ya miguu ina upana wa mita 1 hadi 1.5. Mteremko wake usizidi nusu ya mteremko wa kilima inachokikata. Kilima kikiwa na asilimia 16, njia isizidi asilimia 8, yaani ukitembea mita 10 uwe umepanda sentimita 80. Njia inayopanda moja kwa moja hadi kileleni ni mfereji unaosubiri mvua. Pale penye asilimia 10 hivi, weka kikinga maji kila mita 20 hadi 25: gogo au mstari wa mawe uliozikwa zaidi ya nusu, umelazwa mshazari kama digrii 45, na mdomo wake unatoa maji upande wa bonde. Kikilazwa kimraba kukatiza njia, kinajaa tope msimu wa kwanza, watu wanakizunguka, na njia inapanuka papo hapo.

Kabla ya kuchagua mpango wowote, pimeni njia zilizopo. Vifaa ni kamba ya mita 3, vigingi viwili na rula. Kila baada ya mita 200, chomeka kigingi kimoja kila upande, nje ya sehemu iliyokanyagwa, vuta kamba inyooke, kisha pima kina kutoka kwenye kamba hadi ardhini kila sentimita 20. Pima pia upana wa sehemu isiyo na majani. Weka alama ya rangi kwenye mti au jiwe ili mrudi mahali pale pale. Vigingi vya chuma visiachwe, huibwa. Rudieni baada ya masika. Kina kikiongezeka, tatizo ni maji, na dawa yake ni vikinga na kuhamisha njia. Upana ukiongezeka huku kina kikibaki vile vile, tatizo ni tope: watu wanakwepa, na dawa yake ni changarawe au njia ya mbao. Haya ni magonjwa mawili tofauti, na kutibu moja kwa dawa ya jingine ni kupoteza pesa.

*Viumbe.* Orodhesheni vile visivyovumilia watu: ndege wanaotaga chini, wanyama wadogo wanaoishi kwenye majani makavu, mapango ya popo, jamii ya nyani wanaoweza kuambukizwa magonjwa ya njia ya hewa ya binadamu. Orodha ya majina matano yenye ramani ya vilipo inasaidia kuliko kitabu kizima cha spishi.

*Pesa.* Nani anatoa za kuanzia, nani anakusanya, na zinarudi msituni kwa njia gani.

*Majirani.* Kuni, asali, dawa, malisho, maji, matambiko, na njia ya mkato ya kwenda shule. Kwa Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inaruhusu chama cha wanajamii kuingia mkataba na KFS, yaani idara ya misitu ya serikali ya Kenya, na kupewa haki za matumizi, utalii ukiwamo. Tanzania Bara, Sheria ya Misitu ya 2002 ina milango miwili: usimamizi wa pamoja kwenye hifadhi za serikali, ambapo kijiji kinasaini makubaliano na mwenye hifadhi, na msitu wa hifadhi wa kijiji, ambapo kijiji chenyewe ndicho mwenye msitu na mapato ni yake. Jueni mko mlango gani kabla ya kuchapisha risiti.

*Kinachoharibika kwanza.* Kila mpango una pale unapokatikia. Heri kupajua mapema.

Uzio na malango: mgeni atembee mwenyewe

Karura ina takriban hekta 1,000, imekatwa vipande vitatu na barabara za Limuru na Kiambu, na ilitangazwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa wajenzi. Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na genge tarehe 8 Januari 1999 walipokwenda kupanda miti. Miaka kumi baadaye watu wengi wa Nairobi walikuwa bado wanaogopa kuingia kwa sababu ya wahalifu. Uzio wa umeme, askari na ushirikiano wa KFS na chama cha wanajamii cha Friends of Karura ndivyo vilivyoigeuza kuwa mahali ambapo mama na mtoto wanatembea bila wasiwasi.

*Udongo na njia.* Mpango huu unabeba watu wengi kuliko mwingine wowote, mradi njia ziwe zimejengwa na kuwekewa alama. Karura ina zaidi ya kilomita 50 za njia, na makutano yana namba, kwa hiyo mgeni hapotei na hachongi kijia chake. Baiskeli zipewe njia zao. Tairi kwenye udongo mwekundu uliolowa huacha mstari mwembamba ulionyooka, na maji huufuata mstari huo kama bomba. Kanuni inayofaa ni rahisi: mvua ikinyesha usiku kucha, njia za baiskeli zifungwe mpaka udongo usiache alama ya kisigino.

*Viumbe.* Uzio unazuia majangili na mbwa wa mitaani, lakini pia unakata mapito. Mjini hilo halina hasara kubwa, kwa kuwa mapito yalishakatwa na majumba. Kuna hata faida: mbega weusi kwa weupe walihamishiwa Karura kutoka Kipipiri, Nyandarua, na mahali penye ulinzi palipatikana. Adui mkubwa anayebaki ni mbwa wa mgeni asiyefungwa kamba. Swala wa msituni kama pongo au suni akifukuzwa hadi kwenye uzio huumia bila hata kuumwa. Wa pili ni chakula. Kima hujifunza mkoba una nini ndani ya wiki chache, na baada ya hapo hasahau.

*Pesa.* Za kuanzia ni nyingi: nguzo, nyaya, vibanda, vyoo, mabango. Baadaye kiingilio kidogo kinacholipwa na wengi huendesha mambo. Tuchukue hesabu ya mfano: shilingi 100 kwa watu 300 kila siku ya wikendi ni 240,000 kwa mwezi wenye siku nane za wikendi. Sasa weka upande wa pili. Lango lililo wazi kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni linahitaji watu wawili kazini, na ukihesabu mapumziko ni watatu kwenye orodha ya mishahara. Kila lango la ziada linaloombwa na mtaa mmoja ni mishahara mitatu zaidi. Anzeni na malango mawili.

*Majirani.* Hapa ndipo uzio unapouma. Aliyekuwa akikatiza msituni kwenda kazini sasa anazunguka au analipa. Anayeokota kuni anaitwa mhalifu. Mpango wa haki una kitambulisho cha jirani kisicho na malipo, lango la waenda kwa miguu lenye saa maalumu, siku za kuokota kuni kavu zilizoanguka chini, na ajira za doria zinazoanzia vijiji na mitaa inayopakana. Haya yaandikwe kwenye mpango wa usimamizi; ahadi ya mdomo huondoka na afisa aliyeitoa.

*Kinachoharibika kwanza.* Mambo mawili. La kwanza ni uzio wenyewe: nyasi na matawi yakigusa waya, umeme unavuja ardhini na uzio unakuwa pambo. Fyekeo lipite chini ya waya kila mwezi wakati wa mvua, na kipimo cha volti kisomwe kila siku na kuandikwa daftarini. La pili ni akaunti. Mwaka 2025 suala la nani akusanye kiingilio cha Karura lilifika mahakamani, KFS ilipotaka malipo yapite eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, na chama cha wanajamii kikapinga. Hatuingii kwenye nani ana haki. Funzo kwa kamati nyingine ni la kimkataba: andikeni mapema pesa zinaingia akaunti gani, zinarudi msituni ndani ya siku ngapi, na nani anasaini. Doria haiwezi kusubiri robo ya mwaka iishe.

*Unamfaa nani.* Msitu ulio ndani au ukingoni mwa mji, ambao hatari yake kubwa ni wanyakuzi wa ardhi. Wananchi 1,000 wanaoujua msitu kwa miguu yao ni walinzi ambao hakuna bajeti ingewalipa.

Mwongozaji kwa kila kundi

Arabuko-Sokoke ni kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki vya msitu mkavu wa pwani Afrika Mashariki, kama kilomita za mraba 420 kati ya Kilifi na Malindi. Ndani yake mna bundi mdogo wa Sokoke, ndege aitwaye kwera wa Clarke, sengi mwenye kiuno cha dhahabu (mnyama mdogo mwenye pua ndefu), na ndovu. Amani, milima ya Usambara Mashariki, ilikuwa ya kwanza Tanzania kutangazwa hifadhi ya mazingira asilia, mwaka 1997, ikiwa na hekta zipatazo 8,380 na viumbe wengi wasiopatikana kwingine, pamoja na bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902.

*Udongo na njia.* Njia zinaweza kubaki nyembamba na nyepesi, bila changarawe wala mbao, kwa kuwa makundi ni madogo. Amani hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka na miteremko yake ni mikali. Kuruhusu watu wengi watembee wenyewe pale kungehitaji kujenga upya karibu kila njia. Mwongozaji anajua kona ya kugeuzia kundi ikiwa kijito kimejaa. Hilo peke yake linaokoa njia na watu.

*Viumbe.* Faida kubwa ya mpango huu iko hapa. Sengi hujenga kiota cha majani makavu juu ya ardhi, kinaonekana kama lundo la kawaida tu, na mgeni asiyeongozwa anakikanyaga bila kujua. Mwongozaji mzuri anamsimamisha mgeni hatua kumi kabla. Lakini mwongozaji yule yule anaweza kuwa mzigo: akijua mti anakolala bundi mchana, kila kundi linapelekwa pale pale, na akitumia simu kupiga sauti ya ndege ili ajibu, ndege anatumia nguvu zake kulinda eneo dhidi ya mshindani asiyekuwepo. Wekeni kikomo kinachopimika: mti mmoja wa bundi usipelekewe zaidi ya kundi moja kwa siku, na sauti za simu zisipigwe kabisa wakati wa kutaga.

*Pesa.* Za kuanzia ni kidogo: mafunzo, darubini chache, sare, kibanda, kitabu cha risiti au simu ya malipo. Za kuingia nazo ni kidogo, na zinayumba kwa misimu. Msitu wa aina hii haulishwi na wageni pekee. Kilichowafaa wakazi wa kando ya Arabuko-Sokoke ni kuwa na kipato cha pili kinachotegemea msitu kubaki umesimama: mradi wa Kipepeo ulioanzishwa Gede mwaka 1993, ambapo wakulima hufuga viwavi na kuuza pupa, yaani viwavi vilivyojifunga ganda kabla ya kuwa vipepeo, zinazosafirishwa nje. Ufugaji wa vipepeo umefanyika Amani pia. Nyuki nao wanafaa.

*Majirani.* Kazi ya kuongoza inabaki kijijini, na kijana anayelipwa kwa kumwonyesha mgeni kwera ni vigumu kumshawishi akate miti ya msitu anaoishi kwera. Ila kazi hizo ni chache. Waongozaji 12 kati ya kaya elfu kadhaa hawatoshi kumaliza ukataji wa magogo au mitego ya nyaya, na kamati isiwaahidi watu hivyo.

*Kinachoharibika kwanza.* Zamu. Bila orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani, wawili wenye Kiingereza kizuri huchukua wageni wote na wengine huacha kazi, wakiondoka na ujuzi wao. Bahashishi nayo huvunja kanuni: mgeni akiongeza noti, mwongozaji anasogea mita mbili zaidi kwenye kiota. Dawa ni bei moja iliyoandikwa langoni, malipo yote yenye risiti au namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, na bahashishi kuwekwa kwenye sanduku la pamoja. Kundi lisizidi wageni 6 hadi 8. Zaidi ya hapo wa nyuma hawasikii, na asiyesikia hutoka njiani.

*Unamfaa nani.* Misitu mikubwa au ya milimani yenye viumbe adimu au wanyama wakali, mbali na umati, yenye wageni wanaokuja kwa shabaha: ndege, mimea, utafiti.

Ukanda mmoja kwa wageni, kiini kiachwe

Jozani, iliyo sehemu ya hifadhi ya taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka tangu 2004, ina kilomita za mraba 50 hivi. Mgeni wa kawaida huona kipande kidogo tu: kima punju ng'ambo ya barabara, njia fupi chini ya miti mikubwa, na njia ya mbao juu ya mikoko upande wa kijiji cha Pete. Anaondoka ameridhika. Sehemu kubwa iliyobaki, wanakojificha paa nunga, swala wadogo walio adimu, haiguswi na safari yake.

*Udongo na njia.* Wekeni gharama yote kwenye eneo dogo mliimarishe: changarawe, mbao, ngazi, vyoo, sehemu ya kugeuzia magari. Ardhi ya Jozani ina maji karibu na uso na hufurika wakati wa mvua. Njia ya mbao pale ni ya lazima, maana kijia cha udongo kingekuwa tope la kukanyagwa kila mwaka. Mbao juu ya maji ya chumvi hulegea misumari kabla hazijaoza. Fundi apite kila Jumatatu na nyundo, agonge kila ubao, asikilize mlio. Ubao unaolia bovu ubadilishwe siku ile, kwa sababu mgeni akishaanguka mara moja mtafunga njia nzima.

*Viumbe.* Kima punju hapatikani kiasili popote duniani ila Zanzibar, na makundi yanayokaa karibu na lango yamewazoea watu. Kuzoea huku kuna bei. Walio karibu na barabara waligongwa sana na magari mpaka matuta yalipowekwa, na vifo vikapungua. Kwa hiyo ukanda wa wageni usichorwe kwenye ramani ya msitu peke yake. Uchorwe pamoja na barabara, mashamba na maegesho. Wekeni umbali unaoonekana kwa macho, kwa mfano urefu wa gari dogo kati ya mgeni na mnyama, kwani "kaa mbali kiasi" kila mtu ana kiasi chake. Anayekohoa abaki nyuma.

*Pesa.* Mpango huu unalipa vizuri pale penye watalii wengi wenye muda mfupi. Saa moja na nusu inawatosha. Jozani ipo njiani kati ya mji na fukwe za mashariki na kusini, na hilo ni nusu ya mafanikio yake. Msitu ulio kilomita 80 nje ya lami usitarajie hesabu hiyo.

*Majirani.* Kima punju hula mashambani, na mwenye shamba ndiye anayelipia utalii wa mwenzake. Jozani ilijibu kwa kuwagawia vijiji vya pembezoni sehemu ya mapato na kuwafikiria wakulima ambao mazao yao huliwa. Mgawo wowote wa namna hii usomwe hadharani kwenye mkutano wa kijiji, kwa tarakimu: wageni wangapi, kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimekuja hapa. Kijiji kinachosikia jumla tu huanza kukisia, na makisio huwa makubwa kuliko ukweli.

*Kinachoharibika kwanza.* Mpaka. Mwaka wa kwanza ukanda ni mdogo. Mwaka wa tatu mtu anaomba mgahawa, wa nne kambi ya mahema, wa tano kamba za kuteleza juu ya miti, na kiini kinaliwa kipande kwa kipande bila kikao hata kimoja kuamua kukiua. Mpaka uandikwe kwa alama za ardhini, miti iliyopakwa rangi au mawe, na kuubadilisha kuhitaji kura ya kamati nzima pamoja na vijiji. Hatari ya pili ni kiini kusahauliwa. Kwa kuwa wageni hawafiki, doria nazo huacha kufika, na mpiga msumeno anagundua hilo kabla ya mkuu wa hifadhi. Angalau nusu ya siku za doria ziende kule kusiko na wageni.

*Unamfaa nani.* Msitu wenye kivutio kimoja kinachoeleweka, barabara nzuri, na kiini nyeti.

Neno kuhusu misitu ya kaya

Misitu mitakatifu ya kaya, yaani makazi ya kale ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2008, haipaswi kuanza na swali la wageni. Mwenye kauli ni wazee wa kaya. Pale walipokubali, kama Kaya Kinondo huko Kwale, mgeni hufungwa kaniki nyeusi, anaongozwa na mtu wa pale, na hatoki na kitu, hata jani. Pale waliposema hapana, hapana hiyo iheshimiwe bila kamati kurudi kila mwaka na ombi jipya. Mila hizo zimezihifadhi hekta chache vizuri kuliko matangazo mengi ya gazeti la serikali.

Uchague upi, kwa hali yako

Msitu uko mjini na mipaka yake inasogezwa usiku: uzio na malango, hata kama fedha zinatosha upande mmoja tu. Anzeni na upande wenye mgogoro wa ardhi, njia chache, malango mawili, na kitambulisho cha jirani siku ile ile lango linapofunguliwa.

Msitu ni chanzo cha maji mlimani, wageni hawazidi kumi kwa siku: mwongozaji. Msijenge kitu. Tumieni pesa kwenye mafunzo na orodha ya zamu, na fungeni njia za juu katika Aprili na Mei.

Kuna maporomoko au mnyama mmoja ambaye kila basi linamtaka: ukanda mmoja. Pesa zote za mwaka wa kwanza ziende kwenye mita 500 za njia bora, vyoo na matuta ya barabarani.

Msitu uko ukingoni mwa jiji kubwa na pia una viumbe adimu, kama Pugu-Kazimzumbwi kule Kisarawe karibu na Dar es Salaam: changanyeni. Upande wa jiji uwe ukanda wa pikiniki, kukimbia na baiskeli. Upande wa ndani uwe wa mwongozaji tu. Mkaa ndio adui wa misitu ya namna hii, na wageni waliojaa kingo za msitu siku saba za wiki humpunguzia mchoma mkaa pa kupitishia magunia.

Msitu ni wa kijiji na bajeti haipo: njia moja, mwongozaji mmoja, kitabu kimoja cha risiti chini ya kamati ya maliasili, na mapato yasomwe kila mkutano mkuu wa kijiji. Ya pili isifunguliwe mpaka ya kwanza imelipa doria zake.

Mna mgogoro na majirani ambao haujaisha: msifungue chochote bado. Makubaliano ya kuni, maji na njia ya shule yasainiwe kwanza. Lango linalozinduliwa juu ya mgogoro huchomwa au kukatwa nyaya.

Mmegawanyika na hamjui mko kundi gani: chukueni mwaka mmoja wa majaribio na vitu vinavyong'oleka. Kamba badala ya uzio, mabango ya mbao, kibanda cha makuti. Hesabuni kila anayeingia kwa saa na kwa siku. Pimeni njia kwa kamba na rula mwezi Februari kabla ya masika, na tena Juni udongo ukishakauka, kisha wekeni daftari zote mbili mezani kabla mtu yeyote hajataja bei ya nguzo.